Kumstaafisha Bibi

Kisanduku cha malalamiko kilikuwa kitupu, na Mhariri hakuipenda hali hiyo hata kidogo.

Alikifungua kwenye simu alipoamka, kabla ya kunawa uso. Akakifungua tena mswaki ukiwa mdomoni. Mtu mwingine angemshukuru Mungu, akanywa chai yake kwa amani. Yeye aliiacha chai ikapoa, akahama kiti, akaenda dirishani, akarudi, akaishika simu na kukifungua tena, kana kwamba malalamiko ni wageni waliochelewa njiani.

"Wewe si ndiye uliyekuwa unaomba watu wasilalamike?" mumewe akamuuliza.

"Naomba. Lakini asilalamike hata mmoja?"

"Basi wamependa."

"Watu wa kompyuta hawapendi kitu. Ukiwapa dhahabu watakuuliza kwa nini inang'aa."

Mumewe akacheka, akachukua funguo zake. Alipofika mlangoni akageuka. "Halafu pitia kwa dada. Amenuna. Jana nimempigia, kila nikikutaja ananiambia, 'Msalimie huyo mkubwa wenu.' Sijui mmekoseana nini, na sitaki kujua."

Mhariri naye hakujua. Wifi yake hakuwa mtu wa kununa. Alikuwa mtu wa kusema, tena kwa sauti, na ukimaliza kusemwa mnakula pamoja. Hilo nalo likaongezeka juu ya lile la kisanduku, na mwanamke akatoka nyumbani na mawili kichwani.

Tuseme kwanza alikuwa mhariri wa nini. Lugha ya kuandikia programu nayo ina wenyewe. Kuna kitabu kinachoitwa Kanuni, kinachoeleza kila neno la lugha hiyo maana yake nini, na kompyuta zote zinazoielewa zinafuata kitabu hicho. Kanuni inalindwa na Kamati, na Kamati ni watu wazima wenye akili zao wanaoweza kubishana asubuhi nzima juu ya alama ya nukta. Yeye ndiye aliyekuwa akiyaandika waliyokubaliana. Kazi ilikuwa imelimeza jina lake. Hata wakwe walikuwa wakimwita Mhariri.

Siku hiyo Kamati ilikuwa inakutana kuamua habari ya Bibi.

Bibi hakuwa mtu. Lugha ile ilikuja na zana zake tayari ndani, na kati ya hizo zilikuwamo tatu za kazi moja: kukata kipande cha maandishi. Wanakamati walizibatiza Bibi, Mama na Binti kwa jinsi zilivyozaliwa. Ukimwambia Bibi "mbili, tano", ataanzia herufi ya pili na kukupa herufi tano. Mama ukimwambia maneno hayohayo, ataanzia ya pili na kuishia ya tano. Binti ni Mama mtupu, ila yeye anajua pia kuhesabu kutokea mwisho. Sasa mpe mwanafunzi mgeni zana hizo tatu, mwambie achague, uone atakavyotoa macho. Mbaya zaidi, akikosea hakuna kengele inayolia. Anapata kipande, lakini si kile alichokitaka.

"Nusu ya kipindi nafundisha," alikuwa akilalamika Mwalimu, mwanakamati aliyesomesha chuoni, "nusu nyingine naomba radhi kwa niaba ya Bibi."

Upande wa pili alikaa mhandisi mmoja mnene wa mifumo ya benki, aliyejulikana kwa jina la Usiguse, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila hoja. Kinafanya kazi? Usiguse. Ni cha zamani? Basi ndiyo kabisa, usiguse. Alikuwa akisema kwamba huko nje kuna watu chungu nzima wanaomtumia Bibi bila kujua, na siku akiondolewa watalala na programu nzima na kuamka na programu mbovu.

Wakabishana, wakachokana, mwisho wakaafikiana jambo moja. Litatolewa toleo la majaribio la kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za mtandao, ambalo ndani yake Bibi amezimwa. Watu wa kujitolea watalitumia, na yeyote atakayeharibikiwa atajaza fomu kwenye tovuti ya Kamati. Zikija fomu, Bibi anabaki. Kukiwa kimya, Bibi anastaafu, na Usiguse akala kiapo kwamba hatanyanyua mdomo.

Kumbe nyuma ya yote hayo alikuwapo mzee mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa akimnyima Mhariri raha kuliko fomu zote.

Aliitwa Mzee Haraka. Ndiye aliyemtengeneza Bibi, mchana mmoja wa ujana wake, bosi akiwa amesimama mlangoni anasubiri. "Nilimzaa nikiwa wima," alipenda kusema. Baadaye alitengeneza mambo makubwa ambayo lugha nzima imesimama juu yake, lakini hakuna aliyeyakumbuka. Akitajwa popote, watu walianza kucheka habari ya Bibi. Ndiye pia aliyemfundisha Mhariri kazi. Alimkalisha pembeni yake angali msichana asiyejua lolote, akamwonyesha mstari mmoja mmoja, bila kumkaripia hata siku moja. Mhariri alimpenda yule mzee kama baba, na hakuona aibu kulisema hilo.

Mzee Haraka alikuwa anaiacha Kamati siku hiyohiyo. Kikao kilichopita alimvuta Mhariri pembeni, nje ya ukumbi.

"Mwanangu," alimwambia, "wengine wakistaafu wanaachiwa saa ya ukutani. Mimi sitaki saa. Nitolee yule kizee kitabuni kabla sijatoka mlango huu. Nimechekwa inatosha."

Naye akaahidi. Hoja ya kumwondoa Bibi aliiandika kwa mkono wake, na hoja ikikwama siku hiyo, kwa taratibu za Kamati, isingerudi mezani kwa miaka. Mzee angekuwa ameshaondoka, na Bibi yumo.

Kliniki ya macho alikofanya kazi wifi yake ilikuwa njiani. Mhariri aliingia akitarajia foleni, maana mahali pale hapakosi watu. Akakuta mabenchi matupu. Feni ilikuwa ikizunguka peke yake juu ya viti. Wifi alikaa nyuma ya dirisha la mapokezi, ameshika tama, mbele ya kompyuta ambayo Mhariri mwenyewe aliitengeneza majuzi.

"Shikamoo, mkubwa," wifi akasema, bila kunyanyua uso.

"Wifi, acha hizo."

"Niache zipi? Si unaamkiwa?"

"Nimekukosea nini?"

Wifi akamtazama sasa. "Kweli hujui? Mimi nakuandikia kutwa kucha, wewe kimya, halafu unakuja kuniuliza umenikosea nini?"

"Umeniandikia wapi?"

"Kwenye hiyo fomu yenu! Uliniwekea hicho kivinjari chako cha majaribio, ukaniambia, 'Wifi, likitokea tatizo usinipigie simu, kuna utaratibu, watu watasema napendelea ndugu. Jaza fomu.' Nikajaza. Naibofya, inaniambia Asante. Kesho yake najaza tena, Asante. Nimeshukuriwa mpaka nimechoka!"

Mhariri akayatambua maneno yale: ni yake mwenyewe. Ni kweli, aliwafanya ukoo mzima panya wa majaribio. Na ni kweli alimwambia hivyo. Aliona fahari kabisa siku ile, akijiona mtu wa haki.

"Tatizo lenyewe ni nini?" akauliza polepole.

"Huoni mabenchi? Zile meseji za kuwakumbusha wagonjwa haziendi. Nabofya 'tuma', kompyuta inanitazama tu. Mwanzoni sikujua, nikadhani watu wamepona." Wifi akashusha sauti. "Jana ameletwa yule fundi saa mwenye presha ya macho. Ameshikwa mkono na mkewe, wifi. Tarehe yake ilikuwa imeshapita, dawa zimemwishia, anasema alikuwa anangoja ujumbe kama kawaida. Daktari amemlaza. Jicho moja hajui kama litarudi sawasawa."

Mhariri alizunguka meza, wifi akampisha kiti. Akafungua matumbo ya ukurasa ule wa meseji na kuanza kusoma. Hakusoma sana. Pale ambapo namba ya simu ilikuwa inakatwa kutoka kwenye jalada la mgonjwa, aliyeitwa kukata ni Bibi. Bibi hayupo, hakuna namba. Hakuna namba, hakuna meseji.

Hilo lilikuwa pigo, lakini lilikuwa pigo la kutarajiwa. Ndilo hasa majaribio yalilotafuta. Kilichomtisha ni fomu. Akaifungua fomu ya Kamati kwenye kompyuta ileile, akatazama ndani yake.

Bibi alikuwamo.

Fomu ilikuwa inachukua maneno ya mwanzo ya lalamiko na kuyafanya kichwa cha habari, na kwa kuyakata ilimwita Bibi. Kwenye toleo la majaribio Bibi amezimwa, kwa hiyo fomu ilikuwa inakwama palepale na lalamiko linapotea. Lakini neno Asante lilikuwa limewekwa mstari mmoja juu, litokee upesi ili mtu asichoke kusubiri. Basi kila aliyeharibikiwa aliandika kilio chake, akashukuriwa, na kilio kikaishia hewani. Kamati nzima iliijaribu fomu ile kabla ya kuitoa, wataalamu wote hao, kila mmoja kwenye kompyuta yake ambayo Bibi yu hai.

Na fomu iliandikwa na nani? Iliandikwa na yeye Mhariri, jioni moja, kwa furaha, akiwa anamwandalia Bibi mazishi.

"Wifi, mbona umekuwa hivyo? Ni mimi niliyeharibu?" wifi yake akauliza.

"Si wewe. Ni mimi." Akaondoa toleo la majaribio, akarudisha la zamani, wakabofya "tuma" pamoja. Meseji zikaanza kwenda, moja baada ya nyingine, na wifi akapumua kwa nguvu.

"Na mimi nilikuwa nakusema kwa mama," akakiri.

"Ulisema nini?"

"Utakuja kuambiwa." Kisha akamshika bega. "Nenda kikaoni kwako. Uso wako umeniogopesha."

Kutoka kliniki hadi ukumbini hapakuwa mbali, lakini Mhariri aliizunguka ile mitaa kama mtu aliyepoteza kitu. Alipita duka la vioo mara mbili. Alisimama mbele ya jengo la Kamati, akaondoka, akarudi. Maana shetani naye alikuwa ameshampata, akimsemesha kwa ustaarabu kabisa. Nani anajua? Yeye na wifi tu. Fomu angeweza kuitengeneza kimyakimya kesho. Hoja ingepita leo, Mzee angeondoka na heshima yake, na Bibi asingezimwa mara moja, ingechukua muda, watu wangejirekebisha. Fundi saa ameshapata daktari. Ukimsikiliza shetani wa namna hiyo hukosi kumwona ana hoja.

Akamkuta Mzee Haraka mlangoni. Alivaa koti lililopigwa pasi, kola imekaa sawa, na viatu vimeng'arishwa. Alionekana kijana.

"Kimya?" Mzee akauliza, macho yakicheka.

"Kimya, Mzee," akajibu. Halikuwa uongo, na aliona aibu kuliko kama angedanganya.

Ndani walikaa kuzunguka meza ndefu, kila mmoja nyuma ya kompyuta yake. Mwenyekiti, mama mkavu wa sauti asiyepoteza neno, aliwapitisha haraka kwenye mambo madogo, kisha akafika kwa Bibi.

"Taarifa ya majaribio inaonyesha hakuna lalamiko hata moja," akasoma. "Mwalimu?"

"Mimi nilitaka tu niwe hai niione siku hii," Mwalimu akasema, na watu wakacheka.

"Usiguse?"

"Nilisema kukiwa kimya nitanyamaza." Usiguse akakunja mikono juu ya tumbo. "Nimenyamaza."

Mzee Haraka alikuwa amekaa mwisho wa meza, mikono imelala juu ya magoti, anatabasamu na kila mtu.

Kamati ile haikuwa na kura. Mwenyekiti aliuliza mara tatu kama kuna mwenye neno, na asipopatikana mtu, jambo limepita; akipinga hata mmoja kwa sababu, limekwama.

"Kuna mwenye neno?"

Kimya. Mhariri akaishika kalamu, akaiweka, akaishika.

"Kuna mwenye neno?"

Akasimama. Kiti kilipiga kelele sakafuni, wote wakageuka.

"Mwenye hoja hapingi hoja yake mwenyewe," Mwenyekiti akamkumbusha. "Wala haiondoi. Ikishafika mezani ni yetu sote."

"Najua, Mwenyekiti. Sipingi. Nataka kusahihisha taarifa."

Akaeleza. Alianza na fomu, na alipofika kwenye neno Asante, kicheko kikalipuka, kicheko cha watu wanaoijua kazi yao na waliowahi kufanya upuuzi wa namna hiyo. Mwalimu alifuta machozi. Hata Mwenyekiti aliuma mdomo. Kisha Mhariri akawaeleza habari ya mabenchi matupu, na ya fundi saa aliyeshikwa mkono na mkewe, na hapo kicheko kikafa.

Mzee Haraka hakuwa amecheka tangu mwanzo. Tabasamu lilikuwa limemtoka usoni, na bila tabasamu alikuwa mzee kweli.

"Fomu uliiandika wewe?" akauliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Na ukamwita Bibi."

"Ndiyo."

"Wewe? Unayejua ubaya wake kuliko mtu yeyote humu?"

Mhariri alitamani ardhi ipasuke. "Sikuwaza, Mzee. Nilitaka kukata maneno, mkono ukamwandika. Ndivyo ulivyonifundisha, siku ya kwanza. Wa kwanza niliyemjua alikuwa yeye. Nisamehe. Niliahidi."

Mzee aliitazama mikono yake magotini.

Mwenyekiti akakohoa kidogo. "Taarifa imesahihishwa. Lakini taratibu ni taratibu, bado nina swali moja." Akangoja. Hakuna aliyemharakisha. "Kuna mwenye neno?"

Hapo ndipo Mhariri alipoona ambacho hakukitegemea. Sababu ya kupinga ilikuwa mezani, mtu yeyote angeweza kuiokota. Hakuna aliyeiokota. Mwalimu aliinamia kompyuta yake. Usiguse, mtu aliyewahi kutetea nukta mpaka jasho likamtoka, alikuwa anatazama dari, mashavu yamemwiva. Walikuwa wanampa Mzee zawadi yake. Walikuwa tayari kuipitisha hoja mbovu kwa mapenzi, na kesho waanze kukimbizana na matokeo. Naye Mhariri, Mungu amsamehe, sehemu moja ya moyo wake iliomba wanyamaze hivyohivyo.

Mwenyekiti alifungua mdomo ili aifunge hoja.

Mzee Haraka akanyanyua mkono. Aliunyanyua nusu, kiwiko kikiegemea meza, kama mtu anayeagiza chai.

"Nina neno."

"Mzee," Usiguse akasema kwa upole, "si lazima iwe wewe."

"Mlikuwa mnamngoja nani?" Mzee akamjibu, na sauti ilikuwa na ukali ambao wengine hawakuwahi kuusikia. "Mmekaa wote hapo mnanihurumia. Mtu kule amelazwa, nyinyi mnanihurumia mimi!"

Mwenyekiti akamgeukia Mhariri na kumwashiria aandike, kisha akauliza, kwa kuwa pingamizi lisilo na sababu halikuwa likipokewa, "Na sababu, Mzee?"

Mzee Haraka alivua miwani, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa lile koti la pasi.

"Bado anatumika," akasema. "Andika hivyo, mwanangu. Aliyechoka naye ni mimi tu."

Mhariri akaandika.